Kikohozi cha Kapita

Siku ya tatu beseni la beignets, maandazi yake ya kuuza, liliporudi nyumbani limejaa, Kaswera alijua kwamba maneno yamefika mpaka sokoni. Siku ya kwanza alisema ni mvua. Siku ya pili alisema ni wanajeshi, walikuwa wengi barabarani na watu waliogopa kutoka. Lakini siku ya tatu jua lilikuwa zuri juu ya Butembo, watu walikuwa wengi, na yule mwalimu anayenunua beignets mbili kila asubuhi alipitia ng'ambo ya mtaro akiangalia viatu vyake.

Aliteremsha beseni mbele ya mlango. Ilikuwa nyumba ya mbao yenye vyumba viwili, nyuma ya nyumba kubwa ya matofali ya Zorobabel, mwenye parseli, yaani kiwanja chote. Ndani waliishi watu wanne: Kaswera, mume wake Muyisa anayesukuma chukudu, baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, mtoto wao Aurélie ambaye bado hajaanza shule, na mzee Syauswa, baba ya Muyisa. Mzee alifika mwanzo wa mwaka, vita ilipomfukuza kutoka porini upande wa Mambasa. Alitembea mpaka Mangina, kutoka Mangina mpaka Beni, na kutoka Beni akapanda juu ya magunia ya mtu mpaka kwa mwanawe. Alifika na panga, blanketi, na mbwa mdogo mwekundu mwenye masikio yaliyosimama, aitwaye Kapita.

Kapita alikuwa amelala kando ya jiko, kamba yake imefungwa kwenye nguzo. Alipomwona Kaswera aliruka kumpokea. Kamba ikamrudisha. Akanyoosha shingo, akafungua mdomo, akaanza: kho-onk, kho-onk, kho-onk, kama bata anayegombana na mtu. Mwishoni akajikunja kama anayetaka kutapika, na hakuna kitu kilichotoka.

Dirisha la nyumba kubwa likafunguka.

"Mama Aurélie!" Alikuwa Anne-Marie, mke wa Zorobabel, na sauti yake ilitosha kufika mpaka kwenye robineti, bomba la maji, ambako wanawake walikuwa wamepanga bidon zao. "Sema ukweli leo. Nani anakohoa mule mwenu?"

"Ni imbwa, Mama."

"Imbwa!"

"Ni Kapita. Umemusikia sasa hivi."

"Mimi nilikomaa pamoja na imbwa kwetu Lubero. Imbwa inabweka. Yenu hatujaisikia kubweka ata siku moja. Sasa, haibweki, halafu inakohoa kama mutu?"

"Ni ya pori, Mama. Zile hazibwekake. Njo maana banazivalisha kengele, mwindaji azisikie mu majani."

Wanawake wa robineti wakaangaliana. Mmoja akavuta bidon yake karibu na miguu.

"Bon," Anne-Marie akasema. "Na muzee je? Ule muzee mwembamba vile, alitoka mu pori, hatujue alilala wapi, alikunywa na nani. Mutu iko na tibi, ile ya kifua, munamuficha nyuma ya imbwa. Siyo miye nasema. Batu njo banasema."

Kaswera aliinama, akashika Kapita kifuani mpaka kikohozi kikapita. Alikuwa mwanamke wa maneno machache. Alipenda kwanza kutazama kitu vizuri, na kwa tabia hiyo watu wengi walimwona mpole, wengine wakamwona mjinga.

Jioni Zorobabel mwenyewe akaja. Alikuwa mtu mnene, mtaratibu, mwenye stoo ya maharagwe na mahindi mbele ya parseli, na kila Jumapili alisoma somo la kwanza kanisani. Alisimama mbali kidogo na mlango, jambo ambalo hakulifanya zamani.

"Miye sina shida na ninyi," akasema. "Mais, mu parseli yangu kuko batu wengine. Kuko batu ya stoo. Muende kupimisha, wote wane. Mulete karatasi. Karatasi ikiwa safi, maneno imekwisha."

Walikwenda. Asubuhi mbili mfululizo walikaa kwenye benchi ya kituo cha afya, kila mmoja na kikopo chake cha kutemea, watu wakipita na kuwatazama. Aurélie alifurahi sana. Hakuna mtu aliyewahi kumruhusu kutema mate ndani ya nyumba. Mzee Syauswa aligeuza kikopo mkononi mara nyingi.

"Maisha yangu yote natema bure," akasema. "Leo banayaandika jina."

Karatasi zikatoka safi, nne, zenye muhuri. Kaswera akazibeba kwa mikono miwili mpaka barazani kwa Zorobabel. Anne-Marie akazipokea, akazisoma moja baada ya nyingine, polepole, akazigeuza na kutazama nyuma, kama kuna kitu wamekiandika kwa siri. Kisha akainua uso.

"Na ya imbwa iko wapi?"

Kaswera alidhani ni mzaha. Akangoja mwenzake acheke.

"Kama si batu, basi ni imbwa kweli," Anne-Marie akasema. "Na kama ni imbwa, ile ugonjwa yake ni gani? Ile kikohozi inatembea mu parseli yote. Batoto bangu banaishika. Ao unafikiri tibi inaogopa imbwa?"

Zorobabel alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu anayetafuta neno. "Mama Aurélie, sikiliza. Dimanche, nikitoka misa, nitapita kwenu. Ao kuko karatasi ya imbwa, ao imbwa imekufa, ao munatafuta fasi ingine. Sitaki kelele."

Mahali pengine pa kukaa hapakuwepo. Mwaka ule wakimbizi walikuwa wamejaa Butembo mpaka watu walilala jikoni kwa wenzao, miguu ya huyu kwenye kichwa cha yule. Muyisa alilijua hilo kuliko wote, kwa sababu chukudu yake ilibeba magodoro kila siku kutoka nyumba moja kwenda nyingine.

"Tata," akamwambia baba yake kwa upole, wakiwa wamezunguka sahani ya bugali na sombe. "Imbwa ni imbwa. Vita ikiisha nitakutafutia ingine."

Mzee aliosha mikono kabla hajamaliza kula. "Imbwa ikiuawa, miye narudi kwangu."

"Kwako kuko nani?"

"Kuko pori."

Wote walijua mwezi ule kulikuwa na nani porini: watu wenye bunduki. Muyisa akaacha kutafuna. Kaswera akamtazama mzee, akaona kwamba hatishi mtu. Alikuwa anasema tu njia atakayoshika, kama mtu anayesema kesho nitakwenda sokoni.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Dimanche haijafika."

*

Ofisi ya vétérinaire, daktari wa mifugo wa serikali, ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kiti, na kabati lisilo na mlango. Tshibangu alikuwa mtu wa Kasai aliyetumwa Butembo kabla ya vita. Tangu wakati huo barua za mshahara zilipotelea njiani, lakini yeye alifungua mlango kila asubuhi saa moja na nusu, shati limepigwa pasi, na akawapigia muhuri watu waliopeleka mbuzi machinjioni.

Kaswera hakutaka kumvuta Kapita kwa kamba katikati ya mji, akikohoa mbele za watu. Alimfunga mgongoni kwa kitenge kama mtoto mchanga. Watu wa mbuzi walipoona masikio mawili yakichomoza kwenye bega lake, mstari wote ukacheka.

"Mama, ule mutoto anafanana na baba yake!"

"Mwachie apite mbele, ni mwenye mutoto muchanga!"

Kaswera akacheka nao kidogo, kwa sababu kweli ilichekesha, akakaa mwisho wa mstari. Zamu yake ilipofika, akaeleza yote, tibi, karatasi nne, na ile ya tano inayotakiwa.

"Mama," Tshibangu akasema, "miye ni wa ngombe na wa mbuzi. Imbwa nazipiga tu sindano ya wazimu, na ile sindano haijafika tangu siku mingi. Siwezi kupiga cachet juu ya kitu sijue. Cachet ni muhuri ya État, ya serikali."

"État gani?" mtu wa mlangoni akauliza, na wengine wakacheka.

"Ile iliniachia cachet," Tshibangu akajibu, bila kugeuza kichwa. "Mupe hapa tuone."

Akamweka Kapita juu ya meza. Akamsikiliza kifua kwa chombo chake cha masikio, upande huu, upande ule. Akamfungua mdomo, akatazama ufizi, akapima joto. Kapita alisimama ametulia, mkia umejikunja mgongoni, kengele ya mti imening'inia shingoni. Hakukohoa. Wakangoja. Bado hakukohoa.

"Umeleta imbwa muzima," Tshibangu akasema. "Kifua ni safi. Homa hakuna. Anakula?"

"Anakula kutushinda."

"Na anakohoa wakati gani?"

"Kila wakati, Papa."

"Hapana." Tshibangu akaweka chombo chini. "Hakuna kitu inafanyika kila wakati. Ata vita haiko kila wakati. Anakohoa akilala? Akikimbia? Akikunywa maji? Kikohozi ni kavu, ao kuko makohozi? Inakuja mara moja, ao inapanda polepole?"

Kaswera aliona haya kuliko alipochekwa mlangoni. Miezi miwili alikuwa amesikia kikohozi kile, hakuwa amekitazama.

"Enda uangalie," Tshibangu akasema. "Hapana kufikiri, angalia tu. Kuja samedi asubuhi. Likambo te, mama, hakuna shida, kuangalia hakuombwe franka."

*

Basi akaangalia. Alikuwa amesoma mpaka mwaka wa sita wa shule ya msingi, na kalamu haikumtisha. Akachukua daftari, kaye ya zamani, na kuanza kuandika kila kikohozi. Siku ile na siku iliyofuata kazi zake zote alizifanya uso umeelekea kwenye nguzo ya jiko.

Amelala: hakuna. Moshi wa kuni ulipomwingia alipiga chafya, na chafya si kikohozi. Akinywa maji: mara mbili, kidogo, alipoinamisha kichwa. Muyisa alipofika na chukudu: mara nyingi mno, mpaka akajikunja. Aurélie alipokimbia mbele yake na kijiti: mara nyingi. Kuku wa Anne-Marie alipopita: mara nyingi. Mgongoni kwenye kitenge, toka nyumbani mpaka ofisini na kurudi: hakuna.

"Ni furaha inamukohoza," Muyisa akasema, akisoma juu ya bega lake. "Mukataze kufurahi."

"Wewe unacheka."

"Nifanye nini? Nilie?" Akamshika mke wake shingo kwa nyuma, kwa utani. "Mwandishi wa imbwa."

Kwa kweli hata yeye alianza kusogeza chukudu taratibu alipokuwa anaingia, ili mbwa asimsikie.

Ijumaa Kaswera alikwenda shambani, kwenye kipande cha mlima walichopewa kulima viazi vitamu nyuma ya miti ya eucalyptus. Alijaza kitunga, akakipandisha mgongoni, akaweka mukanda wa ngozi kwenye paji la uso kama wanawake wote wa kwao wanavyobeba. Mvua ilikuwa imenyesha. Njia ilikuwa tope jekundu. Kwenye mteremko mguu wake ukateleza, kichwa kikaenda nyuma, na mukanda uliolowa ukashuka kutoka kwenye paji, ukapita pua, ukapita kidevu, ukakaa kooni na uzito wote wa viazi.

Kho-onk, akasema Kaswera.

Akajitupa kukaa chini ili kitunga kiguse ardhi. Kho-onk, kho-onk. Machozi yakamtoka. Alipopata pumzi alibaki pale pale kwenye tope, mkono kooni, akisikiliza sauti ambayo ilikuwa imetoka ndani yake mwenyewe. Kisha akaanza kucheka.

Mama mmoja aliyekuwa anapanda na mzigo wa kuni akasimama. "Umeanguka, halafu unacheka?"

"Nacheka imbwa, mama."

"Iko wapi?"

"Nyumbani. Amefungwa."

Mama yule akamtazama vizuri, akapita kwa mbali.

Nyumbani Kaswera hakungoja hata kunawa matope. Alipiga magoti kando ya nguzo, akaingiza kidole chini ya kamba ya ngozi iliyoshika kengele. Manyoya hapo yalikuwa yameisha. Ngozi ilikuwa na mfereji, laini, kama njia ya panya kwenye majani. Na kengele yenyewe! Kila siku aliiona, wala hakuwahi kuipima: kubwa kama ngumi ya mwanaume, ya mti mzito, imefanywa kwa mbwa wa kimo kingine. Kamba ya nguzo ilikuwa imefungwa kwenye kamba hiyo hiyo ya kengele. Kila Kapita aliporuka, kengele ilivuta chini, kamba ilivuta nyuma, na koo lilikuwa katikati.

Akafungua kamba ya nguzo. Kapita akazunguka jiko mara tatu kwa mbio, akarudi, akakohoa mara moja tu.

*

"Hapana," mzee Syauswa akasema.

Alikuwa amekaa juu ya gogo, anachonga mpini wa jembe. Kaswera alikuwa amepiga magoti mbele yake, kama inavyofaa kwa mukwe, na kumwomba atoe kengele ya Kapita.

"Ni ya mama yake," mzee akasema. "Kwa baba yangu, kengele inatoka kwa imbwa siku imbwa imekufa. Ukiitoa kwa imbwa muzima, umeiita kifo. Mama yake alikufa mu njia, mbele ya kufika Mangina. Nilimutoa kengele kwa mikono hii, na saa ile ile nikaivalisha mutoto, kabla haijanyamaza." Kisu kikasimama. "Alikuwa mudogo vile. Niliona ni mudogo. Nikasema atakomaa."

Kapita alikuja akalaza kidevu juu ya mguu wa mzee, na mzee akaingiza kidole pale Kaswera alipoonyesha, chini ya kamba ya ngozi, akaona ule mfereji.

"Basi ni miye namunyonga," akasema.

"Si weye, Tata. Mu pori hakuwa na kamba. Alikimbia na kengele yake, anaizoea. Ni hapa njo alifungwa." Kaswera akasogea. "Na hatuitoe. Tunaishusha tu. Miye nikibeba kitunga, mukanda ukishuka mu shingo, nakufa. Ukikaa mu kichwa, nafika nyumbani. Muzigo ni ule ule. Kengele yake ataibeba na kifua."

Mzee alishika kengele shingoni mwa Kapita, akaipima uzito. Muyisa, aliyekuwa anapaka mafuta magurudumu ya chukudu, akaacha kupaka.

"Na isinyamaze," mzee akasema mwishoni.

"Haitanyamaza. Utaishika weye mwenyewe, uipige. Miye nitafunga."

Kaswera akaleta mukanda wake wa kubebea, ule wa ngozi laini uliokuwa wa mama yake, akaukata kwa kisu cha mzee. Muyisa akashtuka. "Na weye utabebea nini?"

"Utanibebea na chukudu."

"Ha! Kumbe njo ulikuwa unatafuta."

Mzee akakata ngozi ya zamani kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akaikamata kengele kabla haijaanguka, akaanza kuitikisa. Ko-ko, ko-ko, ko-ko. Hakuacha hata kumeza mate. Kaswera akapitisha kipande kimoja mbele ya kifua cha Kapita, kingine nyuma ya miguu ya mbele, akaviunganisha mgongoni kwa uzi wa gunia, akavuta, akaona vinabana kwapa, akafungua, akaanza upya. Jasho likamtoka. Kengele iligonga tu mkononi mwa mzee, na Kapita alisimama akiigeuzia masikio, akishangaa kwa nini inalia na yeye hatembei. Walipoifunga kwenye kifua, mzee aliondoa mkono wake wakati mbwa tayari ameanza kwenda.

Ko-ko, ikaendelea.

"Wasingya," mzee akamshukuru Kaswera kwa Kinande, na akarudi kwenye mpini wake wa jembe haraka, uso umeinama.

Jumamosi Tshibangu alisoma kaye yote akiwa amesimama. Aligusa koo la Kapita kwa kidole kimoja, kidogo tu, kho-onk. Akaondoa kidole, kimya.

"Unajua bua ya jani ya maboga?" akauliza. "Ile ukipuliza inapitisha pumuzi? Ukiibana kidogo, inalala. Bomba ya pumuzi ya imbwa kadogo njo iko vile. Na yake imelegea sasa, haitakuwa tena kama zamani. Siku ya furaha mingi atakohoa kidogo, mpaka uzee. Usiogope. Mais akianza kukohoa amelala, ao akikataa chakula, ao akichoka bure, unamuleta mbio." Akavuta kiti, akaandika mistari minne, akapumulia muhuri ili upate wino. Kisha akasema, kama anayezungumza na meza: "Miaka yote hii hapa, hakuna mutu aliniletea kaye."

*

Jumapili Zorobabel alifika moja kwa moja kutoka misa, suti ya kijivu, kravati ndefu nyekundu, tai ya shingoni, mke wake nyuma. Wapangaji wengine walitoka kama watu wanaoanika nguo, ingawa hakuna aliyekuwa na nguo mkononi.

Kapita alisikia viatu vigeni. Akatoka mbio nyuma ya jiko, bila kamba, kengele ikigonga kifuani, mpaka kwenye miguu ya Zorobabel, akaruka. Kho-onk.

"Unaona!" Anne-Marie akapiga makofi. "Unaona! Ninyi wote mumesikia!"

Lakini Kaswera alikuwa ameangalia siku nne, na aliamini macho yake. "Mumuache, Mama. Muhesabu."

Wakangoja. Kapita akakaa. Akajikuna sikio. Kikohozi cha pili hakikuja.

Kaswera akatoa karatasi. Zorobabel akaisoma kwa sauti ile ile ya kusomea kanisani: "Imbwa dume, mwekundu, jina Kapita. Ugonjwa wake hauambukizi mutu wala munyama. Koo ni dogo na ilifungwa vibaya. Shingo isifungwe tena." Akatazama muhuri kwa karibu. "Koo? Kamba tu inaweza kuleta kikohozi ya vile?"

"Mimi sijasoma," mzee Syauswa akasema kutoka kwenye gogo lake. "Kuja karibu, Zorobabel."

Walikuwa karibu rika moja, na hakuna mwingine katika parseli ile ambaye angemwita hivyo. Zorobabel akasogea. Mzee akasimama, akashika kravati nyekundu chini ya fundo, akaivuta chini mara moja, si kwa nguvu, kama mtu anayepima kamba ya mtego.

"Kho!" akasema Zorobabel. "Kho-kho!"

"Tibi," mzee akasema kwa huzuni, akimwachilia. "Mama Anne-Marie, mutafutie karatasi."

Mtu mmoja nyuma ya kamba ya nguo alishindwa, akacheka kwa pua. Aurélie akacheka kwa sababu wakubwa wanacheka. Muyisa akageukia ukuta, mabega yakitikisika. Zorobabel alilegeza kravati, uso umemwiva, akamtazama mzee, akamtazama mbwa. Na kicheko kikaanzia tumboni mwake, kikapanda, mpaka akashika nguzo ya jiko ili asianguke. Pale mkono wake ukagusa kipande cha kamba kilichobaki. Akakitazama. Kicheko kikaisha polepole.

"Ni nani alisema imbwa ifungwe?" akauliza, ingawa alijua.

Kaswera akaangalia chini. "Ni weye, Papa. Siku muzee alifika."

"Juu ya kuku zangu!" Anne-Marie akasema.

"Na amekula kuku ngapi?"

Anne-Marie akapanga kitenge chake kiunoni. "Hajala," akasema. "Lakini anaziangalia."

"Hata mimi naziangalia," Zorobabel akasema. Akamrudishia Kaswera karatasi kwa mikono miwili, namna yeye alivyozileta zile nne. "Maneno imekwisha. Mukae. Na batu ya robineti, Anne-Marie, weye njo uliambia. Weye njo utaambia tena."

"Nitaambia," Anne-Marie akasema, akitazama pembeni. Kisha akaongeza, kwa sauti ndogo ambayo Kaswera hakuwahi kuisikia kwake: "Mama Aurélie, ile mukanda ya kifua umeshona na nini? Uzi ya gunia itamukata. Nitakuletea kipande ya kitambaa."

Walidhani mke na mume wameondoka, lakini Zorobabel alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, anasugua kidevu, akimfuata Kapita kwa macho. Mbwa alikuwa amegandama mbele ya tundu chini ya ukuta, mguu mmoja juu. Kisha akaruka, na akageuka na panya mnene mdomoni.

"Muzee," Zorobabel akaita. "Mu stoo yangu panya zinanimaliza. Maharagwe yote zinatoboa. Nipatie ile imbwa, hata mchana tu. Nitamufunga pale pa mulango, nitamupa chakula muzuri."

Kaswera akaona mume wake anamtolea baba macho: sema ndiyo, mtu ametuachia nyumba sasa hivi. Mzee alipuliza mabanzi ya mti kutoka kwenye mpini wake. Akaupima kwa jicho, kama umenyooka.

"Ukimufunga, hapana," akasema. "Akienda na miguu yake, aende."

Zorobabel akashika njia ya stoo, viatu vyake vya Jumapili vikitafuta mahali pakavu. Hakumwita mbwa. Alipofungua mlango, harufu ya magunia ikatoka. Kapita akatema panya, akamtazama mzee, akatazama mlango, akavuka parseli mbio fupi fupi. Anne-Marie akasogeza kitenge chake ampishe.

Mlango ukabaki wazi. Ndani, kati ya magunia, kengele ikalia ko-ko, ikanyamaza kidogo, ikaenda mbali, ikarudi. Mzee Syauswa alisikiliza, kichwa ameinamisha upande mmoja, mpaka alipoweza kusema mbwa yuko gunia la ngapi. Kisha akaweka mpini chini na kumuuliza mukwe wake kama kuna chakula.